Ujuzi hauzeeki: Mji wa Afrika unaounda magari ya mbio ya Wamarekani

MSOMAJI mpenzi, huenda wewe ni mmoja wa wale walioitazama filamu ya mwaka 2019 iitwayo Ford v Ferrari, inayosimulia jinsi kampuni ya Ford ilivyoishinda Ferrari katika mashindano ya saa 24 ya Le Mans, Ufaransa, mwaka 1966. Kama uliitazama pamoja na watoto, bila shaka waliruka vitini kila yale magari yalipopita yakinguruma. Lakini je, wajua kwamba baadhi ya magari hayo hayakuundwa Marekani wala Uingereza? Yaliundwa huku huku kwetu Afrika, katika mji wa bandari ulioko kusini kabisa mwa bara letu.

Mji wenyewe ni Port Elizabeth, Afrika Kusini. Leo nakualika tufunge safari hadi huko, tujionee jinsi gari la Mmarekani lilivyovuka bahari kuja kutafuta mafundi Afrika, na tujiulize kwa nini lilikuja.

Kutoka Nairobi, ndege itakupeleka hadi Johannesburg kwa muda wa saa nne hivi. Hapo utabadilisha ndege na kuruka tena kuelekea kusini kwa saa moja na nusu hivi, mpaka uone bahari. Ukishuka usishangae kuona jina jingine kwenye vibao. Tangu Februari 2021, mji huu unaitwa rasmi Gqeberha, jina la Kixhosa la mto Baakens unaopita katikati yake. Herufi mbili za mwanzo hazitamkwi kama tulivyozoea. Ulimi hubanwa kwenye kaakaa kisha huachiliwa ghafla, ukatoa mlio kama wa chupa inayozibuliwa. Jaribu mara tatu nyumbani kabla ya kusafiri. Watoto watakushinda.

Kitu cha kwanza kitakachokulaki ni upepo. Wenyeji wa Afrika Kusini huuita huu mji wa upepo, na si utani. Shika kofia yako vizuri, kisha upande kilima cha Donkin, katikati ya mji. Juu yake utakuta mnara wa taa uliojengwa mwaka 1861 wa kuongoza meli, na kando ya mnara huo piramidi ya mawe. Piramidi hiyo ni ukumbusho wa mapenzi. Sir Rufane Donkin, aliyekuwa kaimu gavana wa Rasi, alifiwa na mkewe Elizabeth huko India mwaka 1818. Miaka miwili baadaye, walowezi kutoka Uingereza walipokuwa wakiteremka ufukoni, aliupa mji huu jina la marehemu mkewe. Siku hizi kilima hicho ni sehemu ya njia ya sanaa iitwayo Route 67. Ina kazi za sanaa 67, moja kwa kila mwaka ambao Nelson Mandela aliutumikia umma.

Sasa geuka utazame chini, upande wa bandari. Hii ni bandari ya magari. Magari mapya huegeshwa hapo kwa safu yakisubiri meli za kwenda ng'ambo, mengi yakitoka katika kiwanda cha Volkswagen kilichoko mji jirani wa Kariega, ambao zamani uliitwa Uitenhage. Lakini magari tuliyoyafuata sisi hayana msafara mkubwa namna hiyo. Huondoka machache machache, bila kelele. Tena huondoka bila injini!

Ili ufahamu ni kwa nini, itabidi nikurudishe nyuma kidogo.

Mwaka 1961 kulikuwa na Mmarekani aitwaye Carroll Shelby, mzaliwa wa Texas. Aliwahi kufuga kuku, ugonjwa ukawamaliza. Akageukia mbio za magari, na mwaka 1959 akashinda Le Mans akiwa na mwenzake Roy Salvadori. Moyo wake ulikuwa na kasoro, ikambidi aache mashindano. Hapo ndipo alipopata wazo. Huko Thames Ditton, Uingereza, kampuni ndogo ya AC ilikuwa ikiunda gari jepesi na zuri, mwili wake ukiwa wa alumini iliyofinyangwa kwa mikono. Tatizo la kampuni hiyo lilikuwa moja tu: kampuni ya Bristol iliyokuwa ikiiuzia injini iliacha kuziunda. Shelby akawaandikia AC barua, kisha akawaendea Ford kuomba injini. Mwanzoni mwa 1962 gari la kwanza likasafirishwa kutoka Uingereza hadi California bila injini, na huko likatiwa injini ya Ford yenye silinda 8. Likaitwa Cobra. Shelby mwenyewe alisimulia kwamba jina hilo alilipata ndotoni.

Kwa hiyo, msomaji, Cobra halikuwa na nyumba moja tangu siku ya kuzaliwa. Mwili ulitoka Uingereza, injini ikatoka Marekani, na bahari ikawa katikati.

Gari hilo lilitengenezwa hadi mwaka 1967, na yote kwa jumla hayakufika sana zaidi ya 1,000. Ni machache mno ukilinganisha na watu waliolitamani. Bei ikapaa mpaka ikatoboa mawingu. Lile Cobra la kwanza kabisa liliuzwa mnadani huko California mwaka 2016 kwa dola milioni 13.75. Sasa niambie, ni mwalimu gani, daktari gani au fundi gani mstaafu wa Marekani angemudu kitu kama hicho? Ndipo nakala zikazaliwa. Watu wakaanza kuunda magari yanayofanana na Cobra la asili, wakitumia faibaglasi badala ya alumini.

Nakala nyingi ziliuzwa vipande vipande ndani ya masanduku. Mnunuzi alizipeleka nyumbani, akajifungia gerejini kila wikendi akifunga skrubu na kutafuta bolti iliyopotea. Wengine walimaliza baada ya miezi. Wengine walishindwa, na masanduku yakageuka makao ya panya. Pengo likawa wazi: nani angeweza kuunda nakala iliyokamilika, iliyopakwa rangi na kushonwa viti vizuri, kwa bei isiyoua?

Jibu la swali hilo lilipatikana Port Elizabeth.

Ukizunguka mji huu utagundua upesi kwamba magari ni kama damu yake. Kampuni ya Ford ilianza kuunganisha magari hapa mwaka 1924, katika ghala kuukuu lililokuwa la sufu ya kondoo. General Motors wakafuata mwaka 1926. Baadaye zikaja kampuni za matairi, za betri, za vioo na za viti. Watu wa mji huu wakajifunza kuchomelea vyuma, kupiga msasa, kupaka rangi na kufunga injini, baba akimrithisha mwana. Ukienda kitongoji cha New Brighton, jirani na maeneo ya viwanda ya Struandale, haitakuchukua muda kumpata mzee aliyewahi kufanya kazi kwa Ford, au aliye na ndugu aliyefanya kazi huko.

Lakini usidhani ilikuwa raha. Huo ulikuwa wakati wa ubaguzi wa rangi. Mwafrika alitegemewa kuunda gari, lakini hakuruhusiwa kupiga kura, kuishi anakotaka, wala kutembea mjini bila pasi. Mwaka 1972, waigizaji wawili wa New Brighton, John Kani na Winston Ntshona, pamoja na mwandishi Athol Fugard, walitunga mchezo wa kuigiza uitwao Sizwe Bansi is Dead, ambao baadaye ulifika hadi New York na kushinda tuzo. Wanafunzi wa fasihi huenda mnaufahamu. Mchezo huo unaanza na mhusika aitwaye Styles anayekumbuka siku alipokuwa mfanyakazi wa Ford hapa Port Elizabeth. Bosi mkubwa alikuwa akitarajiwa kutoka Marekani, na kiwanda kizima kikapigwa deki na kupakwa rangi ili apate kuona uongo mtamu. Watazamaji wanacheka sana, lakini kicheko chenyewe kina uchungu ndani yake.

Mwaka 1979 uchungu huo ulifurika. Thozamile Botha, mfanyakazi wa Ford aliyekuwa pia kiongozi wa wakazi wa vitongoji vya Waafrika, alijikuta akibanwa achague kati ya kazi yake na siasa. Alipoondoka, mamia ya wenzake waliweka zana chini, wakatoka.

Kisha mwenye kiwanda naye akaondoka. Mwaka 1985 Ford iliungana na kampuni nyingine, ikahamishia uunganishaji wa magari katika kiwanda cha Silverton, Pretoria, zaidi ya kilomita 1,000 kutoka hapa. Port Elizabeth ikaachiwa kiwanda cha kuunda injini tu. Maelfu walipoteza kazi. General Motors nayo ilitangaza mwaka 1986 kwamba inaondoka Afrika Kusini. Nchi ilikuwa imewekewa vikwazo na ulimwengu, na mji huu ukaonja makali yake.

Fikiria, msomaji, hali ya mtu aliyeamka asubuhi moja akiwa na ujuzi wa miaka 20 mikononi na geti limefungwa. Mitambo hupakiwa kwenye lori ikaenda. Jengo huuzwa. Lakini ule ujuzi wa kupitisha kiganja juu ya mlango wa gari na kuhisi kibonyeo ambacho jicho halikioni, huo haupakiwi kwenye lori. Hubaki na mwenyewe, hata kama mwenyewe amekaa kivulini bila kazi.

Katika miaka ya 1990 mambo yaligeuka. Marekani iliondoa vikwazo vyake vikuu mwaka 1991, na mwaka 1994 Mandela akawa rais. Mwaka uliofuata serikali mpya ikaanzisha mpango wa kuzihimiza kampuni za magari ziuze ng'ambo. Thamani ya randi nayo ilikuwa imeshuka, kwa hiyo dola moja ya Marekani ililipa kazi nyingi. Ndipo mfanyabiashara Jimmy Price alipoanzisha hapa Port Elizabeth kampuni ya Hi-Tech Automotive, ikaanza kuunda nakala za Cobra zinazouzwa Marekani kwa jina la Superformance.

Wengi husema kiwanda huhamia ng'ambo kufuata mishahara midogo. Ni kweli, lakini si ukweli wote. Iko miji mingi duniani yenye mishahara midogo kuliko Port Elizabeth. Mikono iliyokwisha kuunda magari kwa miaka 70 haipatikani kila mahali.

Tuione kazi yenyewe inavyokwenda. Kwanza, fremu ya chuma huchomelewa ikiwa imebanwa kwenye kiunzi maalumu ili isipinde hata kidogo. Pembeni, mwili wa gari huzaliwa ndani ya kalibu. Fundi hutandaza vitambaa vya faibaglasi, akavilowesha kwa gundi maalumu na kuvikandamiza tabaka baada ya tabaka, akihakikisha hakuna hewa iliyobaki chini. Ikikauka, ganda hilo hutolewa kwenye kalibu. Hapo huanza kazi ndefu kuliko zote, yaani kupiga msasa. Mwili wa Cobra hauna mahali palipo bapa. Kila sehemu imevimba au imebonyea, na mwanga huanika kila kosa. Mashine haiwezi kazi hii kama kiganja cha binadamu. Baada ya hapo ni rangi, kisha mistari miwili mipana kutoka boneti hadi nyuma, kisha viti vya ngozi, nyaya, breki na magurudumu.

Gari sasa liko tayari, ila halina moyo. Linapakiwa bila injini wala giaboksi, linavuka bahari ya Atlantiki, na huko Marekani mnunuzi huchagua injini anayoitaka, muuzaji akamfungia. Kufanya hivyo kuliwaondolea waundaji mzigo wa sheria za Marekani zinazohusu magari yaliyokamilika, ambazo zilitungwa kwa ajili ya viwanda vikubwa. Mwaka 2015 Bunge la Marekani lilipitisha sheria iliyowaruhusu waundaji wadogo kuuza nakala zilizokamilika, zisizozidi 325 kwa mwaka kwa kila mwundaji.

Je, umekiona kichekesho cha historia? Mwaka 1962 Cobra lilitoka Uingereza bila injini, likatiwa moyo Marekani. Miaka 30 na ushei baadaye likawa linatoka Afrika bila injini, likatiwa moyo Marekani. Kilichobadilika ni mahali ilipo mikono.

Shelby mwenyewe, aliyefariki mwaka 2012, hakupendezwa na walioiga gari lake, na aliwahi kupelekana mahakamani na baadhi yao. Lakini hatimaye kampuni yake iliwapa Superformance leseni rasmi. Mafundi wa Port Elizabeth wakaunda pia nakala za Ford GT40, gari lile lile lililoshinda Le Mans mwaka 1966. Ndiyo sababu watengenezaji wa filamu walipotaka magari ya kupigishwa mbio na kugongwa bila kuharibu ya asili yenye thamani ya mamilioni, waligeukia Superformance.

Hata Waingereza, waliotufundisha kwamba wao ndio mafundi, waligonga hodi. Gari la mbio la Noble M12, lililotoka mwaka 2000, liliundwa mwili na fremu hapa, kisha likapelekwa Leicestershire, Uingereza, kutiwa injini.

Pengine utauliza, ikiwa mambo ni mazuri hivyo, hofu iko wapi? Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone. Hawakutuambia mwenyeji afanye nini mgeni anapoaga. Biashara iliyokuja kwa meli yaweza kuondoka kwa meli. General Motors, waliokuwa wamerudi Afrika Kusini baada ya ubaguzi kuisha, walitangaza mwaka 2017 kwamba wanaondoka tena, na kiwanda chao cha Struandale kikachukuliwa na Isuzu. Mwaka 2025 kampuni ya Goodyear ilitangaza kukifunga kiwanda chake cha matairi cha Kariega, na mamia ya familia zikakosa usingizi. Mwaka huo huo Marekani ilitoza ushuru mpya wa asilimia 25 kwa magari yanayotoka ng'ambo. Mji unaomtegemea mnunuzi wa mbali hutetemeka kila mnunuzi huyo anapokohoa.

Kwa upande mwingine, kuhamisha kiwanda pia si mchezo kwa mwenye mali. AC, ile kampuni ya Kiingereza iliyounda Cobra la asili, ilihamishia kazi yake katika kisiwa cha Malta mwanzoni mwa miaka ya 2000. Iliunda magari machache tu huko, na baada ya miaka kadhaa kiwanda kikafungwa. Jina lilikuwa kubwa na kisiwa kilikuwa kizuri, lakini Malta haikuwa na historia ya kuunda magari kama Port Elizabeth.

Sisi Wakenya tunaweza kuyaelewa haya bila kufafanuliwa. Tunavyo viwanda vya kuunganisha magari Thika, Mombasa na Nairobi, vinavyopokea vipande kutoka nje na kuviunga. Tuliwahi pia kuota gari letu wenyewe, Nyayo Pioneer, lililoonyeshwa kwa umma mwaka 1990 na halikuwahi kuuzwa madukani. Mara nyingi tukizungumza juu ya viwanda tunataja mitaji, mitambo na ushuru. Ni nadra kumtaja yule kijana wa jua kali anayenyoosha bodi ya matatu iliyopondeka mpaka usijue iligongwa wapi. Huyo ndiye mtaji ambao Port Elizabeth ilibaki nao mabwana wakubwa walipofunga virago.

Kwa hiyo, mwanafunzi unayesoma ukurasa huu, usiione aibu kazi ya mikono. Na mzazi, mwanao akikuambia anataka kusomea uchomeleaji wa vyuma au upakaji rangi za magari, usikimbilie kumnunia. Ujuzi hauzeeki. Unaweza kukosa soko leo, lakini kesho mtu akavuka bahari kuutafuta.

Na siku ukijaliwa kufika Gqeberha, panda tena kilima cha Donkin kabla hujaondoka, upepo ukikupiga usoni. Ukiiona meli inatoka ghubani, kumbuka kwamba huenda ndani yake mna gari jekundu lenye mistari miwili myeupe, linakwenda kungurumia barabara za California. Atakayelinunua atasifiwa na majirani zake kwa kumiliki gari la Kimarekani. Wewe utakuwa umeshajua ni kiganja cha nani kililipiga msasa.